Mbuzi ya Nazi ya Mama Hidaya

Muscat, ndani ya lango

Mdogo wangu Raya,

Shikamoo yako nimeipokea kabla hujaitoa. Marahaba. Masalkheri ya huku yakufikie huko Unguja wewe na mumeo na wote waliomo humo ndani. Miguu yako vipi? Na usinijibu "sijambo kidogo" kama barua iliyopita. Mtu hajambo au ana jambo, hapana kidogo. Umeyapaka yale mafuta ya karafuu niliyokwambia au umeyapa kabati? Mimi mzima. Jicho la kushoto lina ukungu, meno yamebaki ya mbele tu ya kuchekea watu, lakini ulimi wangu unaujua, haujapata kuumwa siku hata moja.

Barua hii nimeiandika kwa mkono wangu, kwa herufi zetu za chuoni, za Kiarabu, kwa hivyo usimpe mtoto wa skuli akusomee, hatazijua, na akizijua basi yasiyomhusu hayo. Isome mwenyewe, mlango umeutia komeo. Na kama yuko bwana hapo posta anayefungua bahasha za watu, naye namwambia masalkheri, asome pole pole. Hapana humu siasa. Mna khabari ya mbuzi ya kukunia nazi.

Raya, huku hakuna nazi. Nimekwambia mara ngapi lakini hujui maana yake mpaka uishi. Zinakuja moja moja na vyombo vya kusini, kavu, ukiitikisa haina hata maji ya kumlilia mtu. Tunakula wali wa maji na samaki mkavu, wali wa mgonjwa, na wenyewe wanausifu. Mbuzi ya nazi hapana nyumba iliyonayo katika mtaa huu wote. Sasa nisikilize. Alasiri, jua likishaanza kuondoka uani, mimi huisikia. Kwaru, kwaru, kwaru. Mtu ameikalia, anakuna. Mwanzo nlifikiri ni Shamsa anasugua sufuria kwa mchanga. Unamjua Shamsa, yule Mpemba tuliyekuja naye chombo kimoja, anakaa chumba cha pili, mdomo wake kama kinu kisicho na mfuniko. Nkatoka nkamkuta Shamsa kalala. Hapana sufuria, hapana mchanga. Nkirudi ndani, kwaru, kwaru.

Sikumwambia mtu. Watu wa huku wanatuona wajinga tayari, kwa Kiarabu chetu na kwa khanga zetu. Siwaongezei.

Wewe umeniandikia barua baada ya barua unataka idhini yangu umsomee Zuleikha hitima. Unasema anakujia usingizini, midomo imemkauka, anaomba maji. Kila mara nimekujibu kwa matusi. Nlikwambia mwanangu hasomewi hitima kama maiti na hapana aliyeiona maiti. Nlikwambia kama unataka kula pilau ya bure kapike ya kwako. Maneno hayo siyafuti, lakini leo nina mengine.

Nassor alikuja. Naam, Nassor wa Zuleikha, mjukuu wangu, kutoka Uingereza. Ruhusa ya kuingia nchi hii ilitafutwa mpaka viatu vya mjomba wake vikaisha visigino, maana huku mtu wa kwao akirudi kwao anaulizwa kama mwizi. Akaja amekonda, shingo ndefu, ana koti zito kwenye jua hili. Nkamwambia, "Huko hawakupi chakula?" Akasema, "Wananipa viazi, Bibi." Nkamwambia, "Ndiyo nlivyouliza."

Ukimwona utalia. Ana ile namna ya mama yake ya kuinamisha kichwa akisikiliza, kama kuku aliyesikia mwewe. Tangu aondoke Unguja kwenda kusoma alikuwa hajatutia machoni, na yaliyotokea yalitokea yeye yuko mbali, ameyasikia kwenye redio ya watu.

Kazi yake ni hii, ntakwambia nlivyoielewa. Pwani ya huko, baridi tupu, kuna kiwanda kikubwa cha kufanya umeme. Hakichomi makaa, hakichomi mafuta. Kinachoma kitu kama jiwe, anasema ni atomiki, moto wake umo ndani ya jiwe tangu dunia iumbwe. Na moto huo ukitoka nje ya mahala pake hauna moshi, hauna harufu, hauna joto la kukwambia kimbia. Unapita ukutani. Unamwingia mtu naye anacheka na wenziwe, halafu siku nyingine ndiyo anaanguka. Nkamwambia, "Baba, huo si moto. Huo ni shetani, na nyie mnamlipa mshahara." Akacheka, "Bibi, hiyo ni fizikia." Nkamwambia, "Mwiteni mnavyotaka, mimi nimeshamjua."

Wakubwa wake wamempa kazi ya kupanga mazoezi ya khatari. Maana yake ni hivi, Raya, na usistaghfiru mapema. Wazungu huchagua siku, siku nzuri, hapana balaa, wanaliza king'ora makusudi. Kila mtu anaacha kazi yake, anatoka kwa mlango aliowekewa, anakwenda kusimama uwanjani, anahesabiwa. Wanaigiza msiba! Nkamwambia, sisi watoto wakicheza maziko tunawachapa, maana msiba unasikia jina lake. Unakumbuka mama alivyotutandika kwa ajili ya yule mtoto wa bandia tuliyemkafini kwa kitambaa cha jikoni? Wewe ulikuwa unasoma talakini. Nassor akasema, "Bibi, usipoucheza, siku ukija hakuna anayejua pa kusimama."

Na sisi nani alitupigia king'ora?

Basi yeye fungu lake katika mazoezi hayo ni kuhesabu watu. Nani katoka, nani hajatoka. Akashinda nalo kichwani hapa kwangu, likizo yake yote, kapanga vikombe vya kahawa mkekani, hiki mlango, hiki mlinzi, ile birika ndiyo jiwe. Nkataka kahawa nkambiwa ngoja, birika ni jiwe! Shamsa akamchokoza, "Mwana wa Zuleikha, unacheza kidalipo na vikombe, utaoa lini?" Akasema, "Nikimaliza kuwatoa watu wote, Shangazi." Shamsa naye, "Basi tutoe na sisi tuone. Tumo humu ndani miaka."

Kwa mzaha wa Shamsa ndipo lilipoanza. Nassor akasimama katikati ya uwa, akatupangia wanawake wote wa nyumba hii. Akasema, akipiga sinia, kila mtu aache alichokishika. Atoke. Asirudi nyuma kwa kitu chochote wala kwa mtu yeyote. Aende kisimani kule mwisho wa uwa, asimame, ahesabiwe. Bi Nunu, kizee wa chumba cha mwisho, haoni sawasawa, akauliza, "Na mtu akisahau kitu?" Nassor akasema, "Akisahau amesahau, Bibi. Asirudi." Akaisema kwa upole, hakujua alichokisema. Mimi nlikuwa nachambua mchele. Mkono wangu ukasimama ndani ya ungo.

Alasiri akapiga sinia kwa mchi.

Raya, hapo hujui nlichokiona. Hapana aliyecheka. Sinia ile kubwa ya shaba iliponguruma, wanawake walitoka vyumbani kimya, haraka, bila kusukumana, kama maji yanayotoka mtungini. Na kila mmoja, Shamsa, Bi Nunu, mshonaji wa humu ndani na mabinti zake, kila mmoja alikuwa na furushi kwapani. Limefungwa tayari. Limekaa nyuma ya mlango tangu mwaka ule tuliokimbia, na hapana aliyemwambia mwenziwe. Tulitazamana kama watu waliokutana hammamu bila nguo. Na mimi langu nnalo, nakwambia ukweli. Mna khanga ya Zuleikha, ile ya bluu, na sanduku la wanja wake.

Nassor akasema, "Nimesema muache kila kitu!" Shamsa akamjibu, sauti si yake ya siku zote, "Mwanangu, sisi tuliacha mara moja. Hatuachi mara ya pili."

Tukasimama kisimani. Askari wa lango alipita nje akauliza kwa ukali sinia inapigiwa nini, nkamjibu panya kaingia jikoni, aje amkamate kama ana kazi ndogo ya kufanya. Akaenda zake. Nassor akaniambia, "Bibi, wewe mkubwa wetu, hesabu."

Nkahesabu tulivyofundishwa. Nkanyanyua mkono juu, "Mungu mmoja," halafu ndiyo nkaanza kugusa watu, mbili, tatu, nne. Ndivyo mama alivyokuwa akituhesabu tukitoka kuoga. Mtu humpi namba ya Mungu, ukimpa unamtafutia shari. Aliyelelewa anajua kuipunguza moyoni. Nkafika kwa Nassor, nkasema, "Tisa."

Nassor akatazama karatasi yake. "Tuko wanane, Bibi."

"Tisa."

"Hesabu tena."

Nkahesabu tena vile vile. Tisa. Mtoto ana skuli zote hizo lakini kuhesabu watu hakufunzwa, maana aliondoka mdogo. Akageuka anatazama nyuma yake, anatazama mlango wa jiko, anamtafuta wa tisa. Nlikuwa nakwenda kumwambia. Wallahi mdomo nlishaufungua. Lakini Bi Nunu, ambaye hajui nani kahesabu vipi wala hamwoni hata mkono wake, akasema kama mtu anayezungumza usingizini, "Mwacheni asimame. Ni Zuleikha."

Hapo hapo nkaisikia tena. Raya, kwaru, kwaru, kwaru. Nkawatazama. Hawakuisikia. Nassor alikuwa kainamisha kichwa, vile vile, kama kuku.

Mshonaji akaanza kulia, na mabinti zake wakamfuata bila kujua wanalilia nini. Nassor akaweka karatasi chini, akatuhesabu yeye, kwa kidole, mtu mmoja mmoja, moja kwa mtu wa kwanza. Wanane. Akafikiri kidogo, akanitazama. "Bibi, umeanza na Mungu."

"Nianze na nani?"

Shamsa akapasuka kicheko, wote wakacheka huku machozi yanawatoka, Bi Nunu akauliza tunacheka nini. Lakini nakwambia jambo la ajabu. Ile hesabu yake sahihi hapana aliyeipenda. Walirudi vyumbani na mafurushi yao wamevimba, kama Nassor kawaibia kitu. Tulipokuwa tisa tulikuwa tumetimia.

Asubuhi yake alikuja kukaa kizingitini kwangu. Hakunywa kahawa. Akasema, "Bibi, nikwambie kitu cha kazini. Hesabu ikipungua, hiyo nyepesi. Watu wanashituka, wanatafuta. Ninayoiogopa mimi ni ikizidi. Mtu mmoja akihesabiwa naye hayupo, na mwingine yumo ndani kweli, hesabu inakuwa sawa. Mkubwa anatia saini, lango linafungwa, watu wanakwenda kula. Na mtu yumo ndani."

Nkamwambia, "Sema unalotaka kusema, usinizungushe na jiwe lako."

Akasema, "Mama yangu umekuwa ukimhesabu. Bibi Raya anataka kumtoa kwenye hesabu. Mnagombana kwa barua, huyu yupo, huyu hayupo. Lakini akihesabiwa yupo, hapana wa kumtafuta. Akihesabiwa kafa, hapana wa kumtafuta vile vile. Kwetu kazini iko hesabu ya tatu. Hajaonekana. Na huyo ambaye hajaonekana haandikwi popote mpaka aulizwe aliyemwona mwisho, alikuwa anaelekea mlango gani."

Akanitazama. "Wewe ndiye uliyemwona mwisho. Alikuwa anaelekea mlango gani?"

Raya, watu wote nliwaambia alirudi nyumbani. Na wewe ndivyo ulivyojua, ukaenda kuitafuta nyumba, ukaikuta mlango wazi, hamna mtu, ukatafuta hospitali, ukatafuta jela, ukauliza mlango baada ya mlango, Mungu akulipe. Lakini hakurudia nyumbani kwa ajili ya nyumba. Sikukwambia alirudi kwa nini, na sikuombi radhi, maana ungesema mwanangu mpumbavu, na mimi sina masikio ya kusikia hilo kwa mtu yeyote, hata kwako.

Ilikuwa Shaaban inamalizikia. Jana yake alikuwa kaazima mbuzi ya Mama Hidaya, jirani yetu wa mlango wa tatu, maana yetu ilikuwa imevunjika ulimi. Asubuhi ile ya bunduki, tulipotoka mbio na wengine, tumefika kwa muuza makaa, akasimama. "Mama, mbuzi ya Mama Hidaya."

Nkamwambia, "Iache! Atajua mwenyewe."

"Mama, amana ya mtu. Ramadhani inaingia, atakunia nini?"

Nkamshika ukosi wa kanzu. Akanitoa mkono wangu taratibu, kidole kidole, kama mama anavyomtoa mtoto kwenye titi. "Nyie tangulieni. Naiweka mlangoni kwake tu, nakuja." Akakimbia. Alikuwa kavaa ndara moja, nyingine imemkatika. Nlimsubiri mpaka watu wakanisukuma. Hiyo ndiyo mara ya mwisho, na hayo ndiyo maneno yake, sasa unayajua.

Nlipomweleza Nassor hakulia. Aliuliza tu, "Na mlango wa Mama Hidaya, ameulizwa nani?"

Hapana. Huo ndio mlango mmoja usioulizwa. Wewe uliapa hutoukanyaga kwa sababu mwanawe Mama Hidaya alionekana na wale watu siku ile, kafunga kitambaa mkononi. Najua. Na mimi nlikusifu kwa kiapo hicho, na leo nakifuta mimi dada yako mkubwa. Fidia ya kiapo lisha masikini, nawe unga huukosi.

Nassor kesharudi kwenye viazi vyake. Mazoezi yao yatakuwa wakati wa baridi, Wazungu wake watasimama uwanjani na mvua, yeye atapita anawaita kwa majina, uso kwa uso. Aliniambia hatotumia namba peke yake tena. Nkamwambia aanze na Mungu hata hivyo, kimoyomoyo. Akasema ataanza. Alipoondoka, furushi langu nimelirudisha nyuma ya mlango. Wenzangu vile vile. Hakutuweza.

Sasa kazi yako. Usiende kwa Mama Hidaya kuuliza khabari za mwanawe. Usiseme jina la Zuleikha. Mwanamke yule ni mama, ana khofu yake, ukimtisha atafunga mlango na kitu chochote anachokijua kitafungwa nacho. Nenda alasiri, wakati wa kupika, kama jirani anavyokwenda kwa jirani. Piga hodi. Mwambie yako imevunjika, unaazima mbuzi ya nazi.

Ataingia ndani ataitoa. Itazame mguu wa nyuma. Yake ile iligongwa msumari mkubwa wa chombo, kichwa chake kimetokeza, ukiikalia vibaya unachana khanga. Zuleikha alikuwa akilalamika nao. Ikiwa ni nyingine, mpya, haina msumari, basi mwanangu hakufika. Shukuru, rudi nyumbani, mwite shehe, msomee hitima, nakupa idhini yangu yote, na pika wali wa nazi, usiupike wa maji, alikuwa hali wali wa maji. Umpe maji aliyokuomba. Mimi ntajua na ntakaa matanga yangu huku, na hawa wenzangu watakuja.

Na ikiwa ni ile yenye msumari, basi alifika. Alibisha mlango ule na mlango ukafunguliwa. Usiseme kitu. Ipokee kwa mikono miwili, mtazame Mama Hidaya usoni, umpe nafasi. Atasema siku hiyo au atasema siku nyingine. Mtu aliyeiweka mbuzi ile miaka yote hii, na kila akiikalia msumari unamshika khanga, ana neno.

Msalimie mumeo, mwambie pumu yake aache tumbaku. Msalimie wifi yetu mwenye duka la khanga, na yule bwana mdogo aliyekuletea barua za Nassor kutoka Mombasa, Mungu amhifadhi mdomo na safari. Mwalimu wetu wa chuo, kama bado yu hai, mwambie herufi zake zimefika Muscat na hazijapotoka sana. Kaburi la mama lisafishe magugu, usimwachie mtu wa kulipwa. Shamsa anakusalimu, anasema miguu yako inauma kwa sababu ya kujipitisha madukani.

Mzinga wa ngome utalia sasa hivi, lango la mji linafungwa, na anayebeba barua hii yuko mlangoni ananihimiza kama ng'ombe. Asubiri.

Raya, ikiwa ni ile, usirudi nayo mikono mitupu. Pita sokoni, nunua nazi mbili, kaa uani, zikune zote. Alasiri. Mimi huku ntatega sikio. Kisha ioshe, ikaushe, uirudishe siku hiyo hiyo kabla ya magharibi. Isilale kwako. Amana ya mtu.

Dada yako mkubwa,
Thuwaiba, mama Zuleikha